Kina cha Maji na Mwinuko wa Njia ya Kurudi

Tangu treni ya SGR ianze kupita Kilosa kwenda Dodoma katikati ya mwaka 2024, bahari imesogea karibu na watu wa Kilosa na Mikumi. Safari ya Dar es Salaam, ambayo zamani ililiwa na foleni za Chalinze na Kibaha, sasa ni ya saa chache, na kutoka bandarini boti ya Unguja haichukui muda mrefu. Wakati huohuo picha za Chemka, ile chemchemi ya Kikuletwa iliyoko kwenye nyika kavu kati ya Moshi na Arusha, zimejaa kwenye simu za vijana: maji ya vuguvugu, rangi ya samawati, mizizi ya miti ikining'inia juu yake. Si ajabu basi kwamba kijana anayeongoza watalii Mikumi, mwalimu wa Kilosa mjini, au mfanyakazi wa mashamba ya miwa kule Kidodi aanze kujiuliza: nikitaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni, nianzie wapi? Ushauri wangu ni huu: jifunze baharini kwa mwalimu, ndipo uyaendee maji ya chemchemi za bara, na kabla ya vyote viwili, ujue kimo cha mahali utakapolala usiku ule. Maji yanayoonekana mepesi kuliko yote, yaani yale yaliyotulia, yenye vuguvugu, yanayoonyesha mpaka mchanga wa chini, ndiyo yanayodai maarifa zaidi, kwa sababu hatari zake haziko pale jicho linapotazama.

Tuanze na hewa, maana ndiyo husahaulika kwanza. Usawa wa bahari, hewa iliyo juu yetu inatugandamiza kwa kiasi ambacho mwili umekizoea hata hauhisi. Ukishuka mita 10 ndani ya maji ya bahari, mgandamizo unakuwa mara mbili. Mita 20, mara tatu. Mtungi unakupa hewa yenye mgandamizo sawa na kina ulichopo, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii kwa lolote. Naitrojeni hiyo huyeyuka kwenye damu, mafuta na viungo, na kadiri unavyokaa chini ndivyo inavyozidi. Ukipanda polepole inatoka kwa njia ya mapafu bila kelele. Ukipanda haraka inafanya kama soda iliyofunguliwa kwa pupa: inatoka kwa mapovu. Mapovu hayo yakitokea kwenye kiungo huleta maumivu, yakitokea kwenye uti wa mgongo huweza kuleta kupooza. Hii ndiyo sababu wazamiaji wanahesabu dakika, wanaangalia kompyuta ya mkononi, na husimama dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka.

Hesabu hizo zote, kwenye majedwali na kwenye vitabu vya kozi ya kwanza, zimejengwa juu ya dhana moja: kwamba unatokea usawa wa bahari. Huku kwetu bara dhana hiyo haisimami. Kilosa na Mikumi ziko karibu mita 500 juu ya bahari. Chemka na Ziwa Chala ziko kati ya mita 800 na 900. Dodoma iko kwenye mita 1,120 hivi, na Ziwa Victoria karibu hapohapo. Iringa mjini inakaribia mita 1,600. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na mwili unaotoka majini unatokea kwenye mgandamizo mdogo kuliko ule ambao jedwali limeutarajia. Matokeo yake ni kwamba mita 18 kwenye Ziwa Victoria zinaubebesha mwili mzigo wa mita karibu 20 za baharini. Tofauti ya mita mbili inaweza kuonekana ndogo. Lakini mzamiaji aliyejipangia dakika zake mpaka ukingoni mwa jedwali la bahari anakuwa ameshauvuka ukingo huo bila kujua, na kipimo chake cha kina hakitamwambia. Kwa hiyo yeyote atakayezamia bara lazima ajue kama kompyuta yake inatambua mwinuko yenyewe au inasubiri kuelekezwa, na lazima aiwashe pale pale ukingoni mwa ziwa, si hotelini siku iliyotangulia.

Jambo hilohilo linaitawala safari ya kurudi kutoka baharini, na hapa ndipo mtu wa Kilosa na Mikumi anapaswa kusoma kwa makini kuliko mkazi wa Tanga au Mtwara. Shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, Divers Alert Network, linashauri kwamba aliyezamia mara moja tu bila kuvuka mipaka ya jedwali angoje angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Aliyezamia mara kadhaa kwa siku, au siku kadhaa mfululizo, angoje saa 18. Na aliyelazimika kusimama majini wakati wa kupanda ili kutoa naitrojeni ya ziada angoje zaidi ya hapo. Ushauri huo unahusu kupanda kwenye hewa ya kimo cha kuanzia takribani mita 600. Mwili haujali kama kilichokupandisha ni ndege, basi au treni. Kilosa na Mikumi ziko chini kidogo ya mstari huo. Mpanda treni anayeshuka Kilosa na mwenzake anayeendelea hadi Dodoma wanaweza kuwa wamezamia pamoja asubuhi ileile, wakala chakula kimoja, wakakaa behewa moja, lakini mmoja ameishia karibu mita 500 na mwingine amepelekwa mara mbili ya kimo hicho. Vivyo hivyo kwa barabara: abiria anayeshukia Mikumi hajafanya alichofanya yule anayeendelea kupanda mlima Kitonga kwenda Iringa.

Hata hivyo nisingemshauri mtu yeyote atoke majini mchana na kulala Kilosa usiku huohuo, kwa sababu kuwa chini kidogo ya mstari si sawa na kuwa mbali nao. Lala pwani. Zamia asubuhi, si jioni. Pumzika siku nzima. Rudi kesho yake mchana kwa boti na treni. Anayeishi kwenye vijiji vya milima ya Ukaguru au Rubeho, au anayepita Kilosa kuelekea Gairo, ajihesabu kama msafiri wa ndege kabisa na angoje saa zote 18 au zaidi. Na yule anayefikiria kuokoa muda kwa kupanda ndege ndogo kutoka Unguja au Mafia akumbuke kwamba ndege nyingi za aina hiyo hazina mgandamizo wa hewa wa kutengenezwa ndani. Kimo zinachoruka ndicho kimo cha mwili wako. Boti, kwa mzamiaji, ina faida ambayo haipo kwenye tiketi ya ndege.

Kuna pingamizi ambalo mtu wa pwani atalitoa mara moja, nalo ni la haki. Wavuvi wa pweza na wa majongoo-bahari wamepiga mbizi vizazi na vizazi bila kompyuta wala jedwali, wanarudi nyumbani, wanazeeka. Mbona sisi tutishwe? Jibu liko kwenye pumzi. Anayepiga mbizi kwa pumzi moja anashuka na hewa aliyoivuta juu. Inabanwa anaposhuka, inarudi ukubwa wake uleule anapopanda, na naitrojeni anayoibeba ni ya dakika moja au mbili. Mtungi unaongeza hewa mpya, iliyobanwa, kila unapovuta. Ni tendo jingine kabisa, ingawa kwa mtazamaji aliye kwenye ngalawa yote mawili yanafanana. Wale waliochukua mitungi bila mafunzo ili wakusanye majongoo-bahari kwa wingi ndio waliojua tofauti hiyo kwa miili yao, na kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi si jambo geni kukuta kijana aliyelemaa kwa sababu hiyo. Hata mbizi ya pumzi moja ina mtego wake. Anayehema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama, akidhani anajaza hewa, anaiondoa ile gesi mwilini inayomwambia arudi juu, na anaweza kuzimia kabla hajasikia haja ya kupumua. Vuta pumzi mbili tatu za kawaida, shuka, na pasipo mtu wa kukuangalia usishuke.

Pingamizi la pili ni la kina. Chemchemi hizi, watu husema, hazifiki mbali, mita tatu, nne, tano, sakafu unaiona. Kuna hatari gani kwenye maji ambayo mtu mrefu akisimama juu ya mwenzake kichwa kinatokea? Hapo ndipo fizikia inapokuwa kali zaidi. Mabadiliko makubwa ya mgandamizo, kwa uwiano, yanatokea mita chache za mwisho kabla ya uso wa maji. Mtu aliyevuta hewa ya mtungi akiwa chini, akashtuka kwa maji kuingia kwenye miwani, akabana pumzi na kukimbilia juu, anaweza kupasua mapafu hata kutoka kina cha mita moja na nusu. Hewa inayotoka hapo huingia kwenye mishipa ya damu na kwenda kwenye ubongo kwa sekunde. Kanuni ya kwanza ya uzamiaji, usibane pumzi kamwe, haikuwekwa kwa ajili ya vilindi. Iliwekwa kwa ajili ya maji ambayo mtu anayadharau. Kwa hiyo mtu anayekualika ujaribu mtungi wake "kidogo tu" kwenye bwawa la hoteli au kwenye chemchemi, bila kukufundisha, amekualika mahali pabaya kuliko anavyofikiri, hata kama nia yake ni njema.

Nami nitakwenda mbele kidogo: kwenye chemchemi nyingi za kina kifupi mtungi hauhitajiki. Miwani nzuri isiyovuja, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni vitakuonyesha mizizi, samaki wadogo na mchanga unaochemka maji kutoka chini, na utaona karibu yote ambayo mwenye mtungi anaona. Gharama ni ndogo, na kosa dogo halikuharibii maisha. Nasema hivi kwa sababu wengi hupima ustadi kwa wingi wa vifaa, wakati kwenye maji ya mita nne aliyefundishwa vizuri ataacha mtungi garini.

Yule mwenye sababu ya kwenda kwenye kina zaidi, tuseme kwenye ziwa la shimo la volkano kama Chala, atakuta maji matamu yana tabia zake. Ni mepesi kuliko ya bahari kwa takriban asilimia mbili na nusu, kwa hiyo mkanda wa uzito wa risasi uliouzoea Nungwi utakuzamisha kama jiwe. Mtu ambaye pamoja na vifaa ana kilo 90 anapaswa kupunguza kilo mbili hivi, kisha ajipime juu ya maji kabla ya kushuka. Sakafu nayo ni ya matope laini au majani yaliyooza. Pezi moja likipiga vibaya, maji yaliyokuwa kama kioo yanakuwa uji kwa dakika kadhaa na mwenzako aliye mita mbili humuoni. Kisha kuna tundu lenyewe, pale maji yanapotokea, linalovutia kila mwenye tochi. Usiingie. Pango la maji, hata fupi, halina juu. Mwenye tatizo hawezi kupanda moja kwa moja kwenda kwenye hewa. Kuingia chini ya mwamba kunahitaji mafunzo ya pekee, kamba isiyokatika mpaka nje, taa zaidi ya moja, na kanuni ya kutumia theluthi moja tu ya hewa kuingia, theluthi kutoka, na theluthi ya akiba. Kozi ya kawaida ya mwanzo, inayoishia mita 18, haikupi hata kimoja cha hivyo.

Sasa wanyama. Wakazi wa Mikumi hawahitaji kufundishwa kuhusu kiboko; Bwawa la Viboko liko ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964, na usiku wanyama hao hutoka kula majani nchi kavu. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefikiria kuzamia pale, na sheria za hifadhi hazingemruhusu. Wala si kwenye Mkondoa unaopita Kilosa na kumwaga maji Wami, wala kwenye Ruaha Mkuu, wala kwenye bwawa la Kidatu, ambako pamoja na wanyama kuna midomo ya kuvuta maji ya mitambo ya umeme ambayo haimwachii mtu aliyekaribia. Hayo yako wazi. Linalohitaji kusemwa ni kwamba chemchemi angavu ya nyikani si ulimwengu tofauti na mito hiyo. Katika nchi kavu, maji yasiyokauka ndiyo yanayowaita wanyama wote. Chemchemi ya Mzima huko Tsavo Magharibi nchini Kenya, inayotoa maji yaliyochujwa na miamba ya volkano ya milima ya Chyulu, ni angavu kiasi kwamba watengeneza filamu Alan na Joan Root walizamia humo na kuwapiga picha viboko chini ya maji. Walikuwa mabingwa wa kazi hiyo na walizijua tabia za wanyama kuliko wageni wote watakaofika hapo. Hata hivyo siku moja kiboko aliwashambulia humohumo: miwani ya Joan iling'olewa usoni, na Alan aliumwa mguu vibaya. Uangavu uliwasaidia kuona, haukuwasaidia kukimbia.

Chala inafundisha jambo jingine. Kwa muda mrefu waliokuwa wakiogelea pale waliambiana kwamba ziwa lile halina mamba. Mwaka 2002 kijana mgeni aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba. Maneno ya "hapa hayupo", kwa hiyo, hayatoshi kama ushahidi, kwa sababu mamba mmoja tu aliyehama katika mvua anatosha kuyabatilisha. Maji ya Chemka yanaingia mto Kikuletwa, na mto huo unaishia kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Swali la kumuuliza mlinzi au mwenyeji si kama mamba wapo kwenye chemchemi. Muulize wapo umbali gani kuelekea chini ya mto, mara ya mwisho kuonekana ni lini, na masika iliyopita maji yalifurika mpaka wapi. Anayejibu kwa ufasaha ana maana. Anayecheka swali lako, agana naye kwa heshima na usiingie.

Wadudu wadogo wana hesabu yao. Kichocho kiko Tanzania kwa wingi, na konokono wanaokibeba hupenda maji matamu, ya vuguvugu, yanayokwenda polepole, yenye majani pembeni. Vijidudu hupenya ngozi kwa dakika chache, bila jeraha. Chagua kuingilia mahali penye mkondo na mchanga, mbali na magugu na mahali watu wanapofulia. Jikaushe kwa taulo kwa nguvu mara utokapo. Vaa suti inayofunika mwili. Kwenye maji ya moto zaidi kuna amiba adimu sana anayeingia kwa njia ya pua na kufika kwenye ubongo, kwa hiyo usivute maji kwa pua wala kuchokoa matope, na miwani inayofunika pua ibaki usoni. Na joto lenyewe ni adui: mtu aliyevaa suti nene juani akisubiri mwenzake amalize kufunga mtungi anapoteza maji ya mwili, na mwili mkavu hutoa naitrojeni vibaya. Kunywa maji tangu asubuhi. Bia ingoje mpaka kesho.

Mtu anaweza kuniuliza kama maji ya namna hii basi yanafaa kwa lolote, na jibu ni ndiyo, na ushahidi upo. Huko Balmorhea, kwenye jangwa la magharibi ya Texas, chemchemi za San Solomon zilijengewa bwawa kubwa miaka ya 1930. Maji hukaa kwenye nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi mwaka mzima, kina kinafika mita saba na nusu, na wazamiaji wamekuwa wakienda kwa miaka mingi sasa. Jangwa la Utah nalo lina ziwa la chemchemi ya vuguvugu ambako watu hufanya mazoezi ya kozi wakati wa baridi kali. Kinachoyafanya maji hayo yafae ni utaratibu unaoyazunguka: mzamiaji huonyesha kadi ya mafunzo, haruhusiwi kuingia peke yake, hewa safi ya mitungi hupatikana jirani, kina kinajulikana kwa kipimo, na gari la wagonjwa linajua njia. Chemchemi zetu ni nzuri kama hizo, pengine zaidi, lakini utaratibu huo bado haujazizunguka. Mpaka siku hiyo, mzamiaji anayekwenda huko anaubeba utaratibu wote begani mwake, na ndiyo sababu namtaka awe amekwisha kukomaa mahali penye msaada.

Pengine lililo zito kuliko yote ni pingamizi kwamba huu ni mchezo wa wenye fedha, na mtu wa Kilosa ana mambo ya maana zaidi ya kusomea. Silikubali. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa hai fundi mitambo aliyekuwa amejifungia ndani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba, wavuvi wakawa wa kwanza kufika, watu 19 wakafa. Yote mawili yalitokea kwenye maji matamu ya kimo cha zaidi ya mita 1,100, hasa yale maji ambayo kozi ya bahari haiyazungumzii. Kilosa yenyewe haijasahau mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, Mkondoa ulipobomoa tuta lake na kuwaacha maelfu bila makazi. Simshauri mtu ajitose kwenye mafuriko kwa sababu ana kadi ya uzamiaji. Maji yale hayaonyeshi kitu na yanabeba miti na mabati, na kazi hiyo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, simu 114. Ninachosema ni kwamba nchi yenye maziwa, mito na vivuko vingi hivi inahitaji watu wa bara wanaoyaelewa maji ya bara, na watu hao hawatatoka Unguja tu.

Gharama za kuanza, kwa bahati, si za mtungi. Kozi ya mwanzo inadai uogelee mita 200 bila kusimama na uelee dakika 10 bila kushika kitu. Hivyo viwili unaweza kuvipata hapa hapa, kwenye bwawa la hoteli ya Mikumi au Morogoro, ukiwa na mtu anayejua kukufundisha, muda mrefu kabla ya kulipa shilingi moja ya kozi. Asiyeweza hayo asishawishiwe na mtu yeyote kwamba jaketi la kuelea litamfanyia kazi hiyo. Ukifika pwani kuchagua chuo, acha bei iwe swali la mwisho. Muulize mwalimu anachukua wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja; muombe akuonyeshe chupa ya oksijeni ya dharura iliyojaa; muulize chumba cha mgandamizo cha kutibia wazamiaji kilicho karibu kiko wapi na kama leo kinafanya kazi. Mwambie wazi kwamba unaishi mita 500 na kwamba baadaye unataka kuzamia kwenye mita 900. Mwalimu mzuri atabadilisha ratiba yako kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na ataongeza somo la maji ya miinuko.

Limebaki jambo la hospitali. Dalili za mapovu huanza mara nyingi ndani ya saa chache, na nyingine huchelewa mpaka siku ya pili: maumivu ya bega au goti yasiyo na sababu, ganzi, miguu kulegea, kizunguzungu, uchovu usioelezeka, mkojo kukataa kutoka. Mtu aliyekwisha kurudi Kilosa akiwa na uchovu na maumivu ya viungo atadhaniwa ana malaria, na pengine anayo kweli. Apimwe, lakini sentensi ya kwanza kwa daktari iwe kwamba alizamia kwa mtungi, tarehe na saa gani, kina gani, kwa muda gani. Iandike kwenye karatasi kabla hujaondoka pwani na uiweke pamoja na kadi yako ya bima, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kushindwa kuongea. Alazwe chali, apewe oksijeni kwa barakoa mfululizo hata akisema amepata nafuu, anywe maji kama ana fahamu, na asirudishwe majini kwa wazo kwamba kina kitamponya. Kama atahamishwa, asipelekwe Dodoma kwa sababu tu treni inayofuata inakwenda huko; apelekwe kushuka, Morogoro kisha Dar es Salaam, na njiani daktari azungumze kwa simu na watu wa tiba ya wazamiaji. Yule ambaye hakuona dalili yoyote, lakini aliogelea kwenye chemchemi ya bara, ana kazi moja iliyosalia: wiki sita hadi nane baadaye aende zahanati apime kichocho, hata kama hakojoi damu, na akikutwa nacho ameze prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake.